Mama Mdogo Kwenye Mfuko wa Dagaa

Baba mdogo alibuni kichanja cha kukaushia dagaa kinachojigeuza chenyewe, akakipatia hataza ili kisiigwe. Michoro ya maombi ya hataza niliichora mimi. Ili urefu wa kichanja uonekane, nilimsimamisha mke wake, mama mdogo, pembeni, juani, mpaka akakunja uso. Nikamchora hivyohivyo.

Siku moja tukiwa mwaloni Kibirizi, wavuvi wanapoteremshia samaki, tukaona mifuko mipya ya dagaa. Juu yake kuna kichanja chetu, na mama mdogo kanuna.

Baba mdogo akamvaa mwenye mifuko. "Umeiba! Nina hataza!"

"Mzee, shikamoo kwanza," yule mfanyabiashara akasema. "Mashine yako sijaitengeneza. Mimi naanika mchangani. Picha nimeitoa kwenye hati ya hataza, na ile kila mtu anaruhusiwa kuisoma."

Tukaenda kwa mwanasheria mjini Kigoma. Akatueleza taratibu: hataza inazuia watu kutengeneza na kuuza kichanja, mchoro una hakimiliki yake. Hati kusomwa na wote si ruhusa ya kubandika mchoro kwenye mifuko.

"Safi," baba mdogo akasema. "Kwa hiyo picha ni yangu."

"Nani alichora?"

Nikanyoosha kidole. Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani kwake. Tukarudi Ujiji.

Mama mdogo alipopata habari na kuonyeshwa mfuko, hakuuliza hataza wala hakimiliki. "Pua hii ni ya nani?" akafoka. Akaniamuru nimwambie yule bwana wa mifuko kwamba ruhusa ataipata, ila kwa picha mpya, mama mdogo akitabasamu. Bwana akakubali, nami nikachora meno yote.

Dagaa wakadoda. Wateja, hadi wa Kagunga, walikuwa wanawataka "dagaa wa mama mkali", wakiamini mwanamke yule hawezi kuruhusu mchanga mfukoni. Mchanga ulikuwamo tele. Mama mdogo mwenyewe akaja kwangu, kajifunga kilemba kipya. "Mwanangu, nirudishie hasira zangu," akasema. Nikazirudisha, pua nikaipunguza kidogo.

Baba mdogo sasa anabuni mashine ya kuparua magamba, na ameapa kujichorea. Juzi alimpelekea mwanasheria mchoro wake wa kwanza, mama mdogo kasimama pembeni ya mashine. Mwanasheria aliugeuza huku na huku, kisha akauliza kwa heshima zote kama huyo bata ni sehemu ya mashine.