Kwenda Keringet Kurekebisha Ukurasa Mmoja

Nilisafiri kwa sababu ya rangi nyekundu. Nilikuwa karani wa stoo ya vipuri mjini Nakuru, na kwa miaka miwili nilikuwa nikiandika kitabu cha Kiswahili kuhusu malori ya jeshi, yale waliyouziwa wakulima baada ya vita. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi na vitabu vikuukuu vya jeshi vilivyoachwa stoo. Nakala ya kwanza nilimpa Mzee Kiprono, dereva wa shamba moja la Keringet, alipokuja kununua mipira ya breki. Jumapili iliyofuata, nikiisoma yangu kwa mara ya tano, nikaona nilichofanya.

Gurudumu la malori hayo lina duara mbili za nati. Zile za katikati ndizo hufunguliwa kutoa gurudumu kwenye lori. Zile za nje, zilizopakwa nyekundu, hushikanisha vipande viwili vya rimu. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, hata kidogo, rimu huruka na kumuua aliyeinama mbele yake. Mimi nilikuwa nimeandika: ili kutoa gurudumu, fungua nati nyekundu.

Jumatatu asubuhi nilipanda treni ya kwenda Molo. Bosi nilimwambia naumwa, na haukuwa uongo. Tulipita ngano ya Njoro sikuitazama. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mjane wa Kiprono, iwapo nimechelewa, nikiyafuta na kuyatunga upya, maana hata hayo nilitaka yawe sawasawa.

Elburgon, mama mwenye gunia la kabeji aliyekaa mbele yangu aliniuliza, "Umefiwa, baba?"

"Sijui bado."

"Hujui? Basi kula kwanza." Akanipa kiazi cha kuchemsha.

Molo, saa sita, kulikuwa na ukungu. Nilipata lori lililokuwa likirudi Keringet kuchukua maua ya pareto. Dereva aliposikia namtafuta Kiprono, akasema, "Huyo nimemwacha barabarani asubuhi, na pancha."

Nilimwomba aongeze mwendo.

"Hii gari ni mzee kama mimi, kijana. Itafika ikitaka."

Karibu na Keringet tukaliona lori lake limeinuliwa kwa jeki. Gurudumu lilikuwa chini, na Mzee Kiprono amelala kando yake kwenye nyasi, kofia usoni. Niliruka kabla hatujasimama, nikamshika bega. Kofia ikaanguka. Akanitazama kwa hasira ya mtu aliyeamshwa, na kitu kiking'aa katikati ya meno yake.

"Mzee, usiguse nati nyekundu," nikasema.

Alikitoa kile kitu mdomoni. Ilikuwa ile sindano ndogo ya ndani ya valvu, inayozuia upepo usitoke. "Nani anagusa? Nangoja tairi iishe upepo yote. Kitabu chako kimekosea."

"Najua. Ndiyo nimekuja."

"Kutoka Nakuru? Kwa kosa nimeshafuta?"

Akakitoa kitabu chini ya kiti. Mstari wangu ulikuwa umekatwa kwa penseli nene, na kando yake neno moja: hapana. Akanieleza kwamba vitani, katika kikosi chao, hakuna aliyegusa nati nyekundu bila sindano ya valvu kuwa mdomoni mwake. "Ikiwa mdomoni, haiko kwa tairi. Tena inazuia dereva kubishana."

Nikakaa kwenye nyasi nikacheka, kisha nikalia kidogo. Yeye akanimiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu.

"Mbona hukuniuliza kabla ya kuandika?"

"Nilitaka kwanza kikamilike."

"Haya. Na sasa shika spana, maana umenipotezea usingizi."

Jumanne nilirudi kwa treni, kucha zangu zimejaa grisi. Njoro ngano ilikuwa imeiva mpaka upeo wa macho. Nimejifunza kwamba kitabu changu hakitakamilika nikiwa peke yangu na kamusi, na jambo hilo, nililoliogopa sana, limenipa usingizi mzuri. Ukurasa ule niliuandika upya kabla ya kufika Nakuru. Sasa hauanzi na spana wala nati. Unaanza hivi: weka sindano ya valvu mdomoni.