Asubuhi Tisa za Helka

Barua ilimkuta Helka Niskavaara ametia kipande cha jibini kwenye kikombe cha kahawa, kama ilivyo desturi ya kwao, anangoja kilainike. Aliisoma mara moja, akailaza kifudifudi mezani, na jibini lile hakulila.

Mtu mwingine angefurahi. Barua ilitoka kwa kamati ya tuzo inayotolewa kwa wanasayansi wa nchi mbalimbali za Ulaya waliofanya utafiti kwa pamoja. Mwaka huo tuzo ilikwenda kwa kundi la Dakta Triinu Lepasaar, Mwestonia aliyetumia miaka kumi na miwili, yeye na wenzake wa nchi tano, kuchunguza jinsi mito ya kaskazini inavyopata joto. Kamati ilitaka kuwatunuku pia wapimaji wawili wa mto Tornio, ule unaozitenga Finland na Sweden: Helka upande huu, na Hilding Kenttä ng'ambo. Waende Ghent, Ubelgiji, wapande jukwaani. Na sababu ilitajwa wazi: kwa miaka arobaini wapimaji hawa hawakukosa hata asubuhi moja.

Helka alikosa asubuhi tisa. Kwa jinsi alivyojua yeye, hakuna mtu mwingine aliyekuwa na habari.

Alikuwa mpishi wa shule ya kijiji chao, Pello, mpaka alipostaafu, mwanamke mfupi, mkaidi, asiyependa maneno mengi. Alianza kupima mwaka 1979, kwa sababu mpimaji wa zamani alihama na nyumba yake yeye ndiyo iliyokuwa karibu na maji. Kazi yenyewe mtoto angeiweza: kila asubuhi saa tatu kushuka ukingoni, kutumbukiza kipimajoto kilichofungwa kamba, kusubiri dakika tano, kusoma, kuandika. Majira ya baridi, kutoboa barafu kwanza. Ugumu wake ulikuwa kwenye hilo neno "kila". Kwa ajili ya neno hilo Helka hakuwahi kulala mbali na nyumbani. Hata kwenye harusi ya dada yake aliondoka kabla keki haijakatwa. Na sasa, ili atuzwe kwa kutokosa hata asubuhi moja, ilibidi akose mbili au tatu akiwa Ubelgiji. Angekuwa na moyo wa kucheka, angecheka.

Ng'ambo, Hilding alipima wakati uleule. Saa za Sweden ziko nyuma kwa saa moja, kwa hiyo kwake ilikuwa saa mbili, na Pello nzima iliujua mzaha wake kwamba yeye huyapima maji kabla hayajazeeka, halafu ndipo Helka anaamka. Wakimaliza, Helka aliinua mkono, Hilding akainua wake, kila mmoja akarudi kwake. Kukiwa na ukungu Helka aligonga ndoo. Lugha yao ilikuwa moja, kama ilivyo kwa watu wengi wa kingo zile, na daraja lilikuwapo, lakini kutembeleana walitembeleana mara chache.

Tarehe ishirini na nane Mei, mwaka 1994, barafu ilikuwa imeondoka siku kumi tu kabla na mto ulikuwa umejaa. Eevert, mumewe Helka, alitoka na mtumbwi baada ya chakula cha mchana kwenda kunasua wavu. Mtumbwi ulionekana kabla ya jioni, umepinduka. Watu wa pande zote mbili walitafuta kwa kulabu siku baada ya siku, na Hilding alikuwa miongoni mwao.

Asubuhi ya kwanza Helka alishuka na kipimajoto mkononi, akafika kwenye mawe, akasimama. Eevert alikuwa ndani ya maji yale. Hakuweza kuyapima. Alirudi nyumbani, na kesho yake hakushuka kabisa. Mchana wa tarehe sita Juni Eevert alipatikana kwenye fungu la mchanga, mwendo mrefu kutoka pale.

Wakati wa kupeleka serikalini fomu za vipimo ulipofika, kulikuwa na nafasi tatu tupu kwenye fomu ya Mei na sita kwenye ya Juni. Helka alizitazama mpaka macho yakamuuma. Kuziacha vile kulikuwa sawa na kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba Eevert amekufa. Akazijaza. Sita nukta nane, saba kamili, saba nukta tatu, hivyo hivyo zikipanda taratibu. Namba nzuri, zisizomshtua mtu.

Uongo ule aliishi nao miaka ishirini na mitano, wakazoeana. Angeweza kufa nao. Asichoweza ni kupigiwa makofi kwa ajili yake. Alivumilia siku tatu, ya nne akampigia Triinu simu, na kabla wiki haijaisha Triinu alikuwa jikoni kwake, koti bado mwilini.

"Siku tisa tu, mama?"

"Tisa. Au nane. Ile siku aliyopatikana, sikumbuki kama nilishuka."

"Hukumbuki."

"Nilikuwa na maiti wa kuzika, mwanangu."

Triinu alifunika uso kwa viganja. "Nisamehe. Lakini sikiliza. Siku tisa hazinitishi, katika asubuhi elfu kumi na nne hazibadilishi kitu. Kinachonitisha ni swali watakaloniuliza. Aliyebuni tisa, tutajuaje kama hakubuni mia tisa?"

"Mimi nakwambia sikubuni."

"Na zile namba tisa nazo, si wewe uliyetuambia ni za kweli?"

Maneno yale yalimchoma Helka, kwa kuwa yalikuwa kweli. Alisogeza kikombe huku na huku. Triinu alivua koti hatimaye.

"Ungeniambia zamani ningekukumbatia tu," alisema. "Leo nina watu wa nchi tano nyuma yangu. Wakiacha kukuamini, kazi yote imekwenda na maji, na sijui nikwambie nini."

"Usiniambie kitu. Nipeleke ng'ambo. Hilding asije akayasoma gazetini."

Walimkuta Hilding barazani anaparua magamba ya samaki, mzee wa miaka sabini na minane, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Mmechelewa saa moja," alisema. "Nyie wa huko kila siku mnachelewa saa moja."

"Hilding, acha mzaha leo," alisema Helka, akamweleza yote akiwa amesimama. Hilding hakuacha kuparua.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hukupima. Sasa mimi nilikuwa nimesimama wapi, wewe mwanamke? Nyuma ya choo? Si nilikuwa hapo mbele yako."

"Na miaka yote hii hukusema."

"Nani aliniuliza? Serikali inaniuliza maji yana joto gani. Haijaniuliza jirani yangu ana hali gani."

Kisha alinawa mikono, akaingia ndani, akarudi na madaftari aliyoyakumbatia kifuani, akaingia tena kuleta mengine. Yalikuwa arobaini. Triinu alifungua la juu. Kila mstari ulikuwa na tarehe, joto la maji, hali ya hewa, na mwisho kabisa alama ndogo ya vema.

"Hii alama ni ya nini?"

"Ni yeye huyo," alisema Hilding, akimwonyesha Helka kwa kidevu. "Akiinua mkono naweka vema. Ukiona N, kulikuwa na ukungu, nimesikia ndoo."

Triinu alitafuta daftari la mwaka 1994. Tarehe ishirini na nane Mei ilikuwa na vema. Mistari iliyofuata ilikuwa na joto la maji na hali ya hewa, na mwishoni hapakuwa na kitu. Alihesabu kwa kidole, akarudia. Tisa. Mbele ya tarehe saba Juni vema ilikuwa kubwa kuliko zote, na kando yake neno moja: amerudi.

Helka aliinamia daftari. "Kwa nini ulikuwa ukiniandika?"

Hilding alimchukua samaki mwingine. "Kalamu si ilikuwa mkononi tayari," alisema.

Triinu aliomba kuyachukua madaftari. Hilding alikataa katakata, akamruhusu kupiga picha, na mpaka jua linageukia upande wa pili alikuwa bado anapiga.

Kamati ilikaa na picha zile wiki sita. Ililinganisha mstari kwa mstari, alama za ukingo mmoja na namba za ukingo wa pili, na mwisho ikaandika kwamba inaziamini namba nyingine zote za Helka. Tuzo ilibaki kwa kundi la Triinu. Ile sentensi ya kutokosa hata asubuhi moja ilifutwa, na hati ya wapimaji ikaandikwa jina la Hilding peke yake. Helka aliona ni haki, na hakuinung'unikia. Hilding aliwajibu kwamba mguu unamsumbua, hawezi safari. Siku ya sherehe watu wa nchi tano walipanda jukwaani Ghent, na wazee wawili wakapima maji kama kawaida.

Kitabu cha utafiti kilifika kwa posta wakati wa vuli. Helka alikifungua kwenye majedwali ya nyuma, akashuka na kidole mpaka mwaka 1994. Pale palipokuwa na namba zake za kubuni palikuwa peupe, nafasi tatu za Mei na sita za Juni. Kwa miaka ishirini na mitano namba zile zilisema siku zile zilipita kama siku nyingine. Alilaza kiganja juu ya ule weupe na kumlilia Eevert kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kumlilia.

Kesho yake saa tatu alishuka. Nyuzi nne nukta moja. Aliandika, akainua mkono. Ng'ambo Hilding akainua wake. Miaka yote hapo ndipo Helka alipogeuka na kurudi nyumbani. Safari hii alibaki amesimama kwenye mawe, mpaka akamwona jirani yake ameinama kuandika.