Baba Mkwe Ana Njaa Saa Saba ya Usiku

Fundi cherehani aliomba mambo mawili jioni ile: basi la baba mkwe lisiharibike njiani, na kama ni lazima liharibike, basi mzee awe ameshiba. Liliharibika. Mzee alishuka saa saba ya usiku, tumbo likinguruma kama cherehani isiyotiwa mafuta.

"Nina sukari, mwanangu. Nisipokula sasa hivi utanirudisha kwetu kwa machela."

Mji mzima ulikuwa umefunga isipokuwa mgahawa mmoja, ule wenye ngazi tatu na taa ya kijani, unaokaanga ini hadi alfajiri na kuuza bia hadi mtu aanguke. Fundi aliujua vizuri. Ndio uliomkosesha mke. Miezi mitatu iliyopita mkewe alifungasha akaenda kwa wazazi, na leo mzee, mkaguzi wa shule mstaafu, amekuja kukagua kama kweli mkwe ameacha pombe. Akiridhika, binti anarudi. Asiporidhika, nguo zilizobaki kabatini zinamfuata mwenyewe.

"Baba, pale pana kelele sana," fundi alijaribu.

"Kelele hazinizuii kula. Twende."

Na kweli alikuwa ameacha. Siku tisini na nne, hata tone. Tatizo ni kwamba mtu akiacha pombe hapewi cheti. Alipanda ngazi ameinamisha uso, kola imelowa, akimwomba Mungu yule mhudumu anayemjua awe ameolewa, amehama, au angalau macho yamefifia.

"Pipa!" Mhudumu alipiga ukelele, meza zote zikageuka. "Pipa, si ulikufa wewe!"

Mzee akasimama mlangoni. "Pipa ndiye nani?"

"Ni... jina la utani, Baba. La kazini."

"Unashona mapipa?"

Nyuma ya kaunta vilining'inia vikombe vya bati, kila kimoja na jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu. Ndio utaratibu wa pale: mnywaji wa kudumu hupewa kikombe chake na msumari wake, na kadiri anavyokunywa ndivyo anavyopandishwa cheo. Cha Pipa kilikuwa juu kabisa, karibu na dari, kimefungwa utepe mweusi.

Mkaguzi, ambaye hajawahi kupita ukuta wenye maandishi bila kuusoma, alivaa miwani. Akasoma majina yote kwa sauti, kutoka chini kwenda juu, kama anaita mahudhurio. Fundi alihesabu misumari iliyobaki. Mitano. Mitatu. Mmoja.

"Na utepe huu?"

"Msiba, mzee wangu," mhudumu alisema. "Wiki ya kwanza hakuonekana, tukasema anaumwa. Ya pili, kafungwa. Ya tatu tukakubaliana kafa tu, maana mtu wa aina hii haachi. Mkaanga ini alilia mpaka akaunguza."

"Ni wiki ngapi sasa?"

"Kumi na tatu."

Mzee alivua miwani. Mkaguzi aliyevua miwani anatisha kuliko aliyeshika kalamu nyekundu. Akaagiza ini, mkate, "na bia moja, ya baridi."

"Baba! Na sukari?"

"Sukari ni yangu. Na mimi sijaachwa na mke."

Chupa ilifunguliwa, ikatoa ule mguno wake. Mzee alimimina nusu glasi, hakuionja, akauliza choo kiko wapi, akaenda. Dakika tano. Saba. Fundi alikalia mikono yake. Akajilazimisha kuwaza kazi: mashati arobaini ya shule, vifungo saba kila moja, na yule mteja mwenye mabega yasiyolingana. Haikusaidia. Mkono wa kulia ulichomoka wenyewe, ukaikumbatia glasi.

Akainuka ghafla, glasi mkono huu, chupa mkono ule, akatembea hadi kaunta kama mtu aliyebeba nyoka wawili.

"Viweke. Usinipe hata nikikulilia."

Mzee akarudi, akaitazama meza. "Bia yangu iko wapi?"

"Kaunta, Baba."

"Kwa nini?"

Uongo mzuri ulikuwa tayari mdomoni, umeshonwa na kupigwa pasi. Ukagoma kutoka. "Ungekawia kidogo tu, ningeinywa."

Mzee alitafuna ini kwa muda ambao ungetosha kumla ng'ombe mzima. Kisha akatoa simu.

"Mama, umelala?" alimwambia binti yake. "Nimemkagua. Hapana, hamu bado anayo, anatoka jasho mpaka masikioni. Lakini panda basi la asubuhi." Akasikiliza. "Sisi? Tuko... kituoni. Tunakunywa chai."

Akakata simu, akaenda kaunta kuichukua glasi yake mwenyewe, na aliporudi hakuwa na sura ya ukaguzi tena.

"Mama mkwe wako anajua niliacha pombe mwaka ule ulipomwoa binti yangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Baba," fundi alisema, na jasho likaanza upya. Mkewe alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja mara tatu, na katika ndoa yao yote yeye hajawahi kulivuka la tatu na uongo mdomoni.