Usiyapandishe Macho ya Mlango

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa, na mke wangu akinisikia nikisema hivyo hununa. Nilikuwa kijana, fundi umeme pale Kahama, kiburi kimenijaa tele. Mzee Ng'wandu, aliyenifundisha kazi, alinituma nitangulie kwa Baba Limi, mnunuzi wa dhahabu. Mlango wake wa gereji, ule wa rimoti, ulikuwa umegoma. Ukibonyeza unashuka kidogo, taa inapepesa, unapanda tena.

Mlango wa namna hiyo una sensa mbili, huku na huku, karibu kabisa na sakafu. Sisi mafundi tunaziita macho. Moja linatuma mwanga usioonekana, la pili linaupokea. Kitu kikikatiza katikati, mlango unarudi juu wenyewe.

Nikayafuta vumbi, wapi! Nikagongagonga, wapi! Kumbe toroli lilikuwa limepinda kishikizo cha jicho moja, macho hayatazamani tena. Kwa mtu mwenye subira ni kazi ya nusu saa. Lakini Baba Limi alikuwa na safari ya Ushirombo, gari liko uani, kila saa anachungulia: "Kijana, bado tu?" Badala ya kumwambia, "Nipe muda, baba," nikaona aibu.

Nikafanya ujanja. Niliyafungua macho yote mawili, nikaunga waya, nikayapandisha juu kwenye mota na kuyafunga kwa kipande cha tyubu, yakitazamana uso kwa uso. Mlango ukadanganyika, ukaona njia nyeupe. Nikaenda kwenye swichi ya ukutani, nikabonyeza, nikainua uso kuutazama ujanja wangu. Nilikuwa natabasamu, mwanangu. Mjinga mkubwa!

Wakati huo Mama Limi, mke wa mwenye nyumba, alikuwa anapita gerejini kwenda uani, mwanawe Limi kalala mgongoni. Alipofika mlangoni akamwona mama mkwe wake anaingia getini, katokea Ushetu. Nawe unajua adabu yetu Wasukuma, mwanamke hamsalimii mkwewe amesimama. Akapiga magoti palepale, chini ya mlango, kichwa kakiinamisha. "Mwangaluka, mayu." Na salamu yetu si ya neno moja. Kuna habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua.

Bibi yake Limi akapiga yowe. Nikageuka. Niliona kofia ya sufu ya mtoto, na ule ukingo wa chuma unaishukia. Swichi ilikuwa mbele ya kidole changu, lakini mkono ulikufa ganzi. Sikuweza, wallahi sikuweza! Mama Limi akataka kuinuka aone kuna nini, na angeinuka, kichwa cha mtoto ndicho kingetangulia.

"Usiinuke! Tambaa mbele!"

Ilikuwa sauti ya Mzee Ng'wandu, ndiyo kwanza anaingia kwa mlango wa jikoni. Alinisukuma, akazima soketi ya mota. Mlango ukasimama shubiri moja juu ya ile kofia. Mama Limi akatambaa hadi nje, bibi akampokea mtoto. Limi hakuamka hata.

Baba Limi alikuja, akatazama juu, akaiona tyubu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mzee Ng'wandu akaniambia polepole, "Aliyeunda mlango huu pengine hajawahi kusikia jina la Kahama. Lakini aliweka macho chini, kwa ajili ya anayetambaa na anayepiga magoti. Wewe uliyezaliwa hapa, uliyeona mama yako akipiga magoti kila siku, ndiwe uliyeyapandisha juu?"

Nikapanda juu, nikaikata ile tyubu.

Nikayarudisha. Nililala kifudifudi sakafuni, nikanyoosha kishikizo, nikavuta uzi toka upande huu hadi ule ili macho yawe kimo kimoja. Nikafuta vioo kwa kitambaa laini, nikaligeuza lile moja kidogo kidogo mpaka taa yake ikaacha kupepesa, ndipo nikakaza nati. Tukaweka boksi tupu chini ya mlango na kubonyeza. Mlango ukaligundua boksi, ukarudi juu. Nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Limi leo ni binti mkubwa. Tukikutana njiani hupiga magoti, "Shikamoo, babu." Nami kabla ya kuitikia marahaba hutazama kwanza juu ya kichwa chake. Hata tukiwa uwanjani. Hunicheka, hajui.

Watu husema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, na niliing'oa kwa mkono wangu huu. Basi, mwanangu, kitu kinachokuzuia usikifumbe mdomo kabla hujakiuliza kinamkinga nani. Mwenye haraka akikusimamia kichwani, mwambie, "Nipe muda." Aibu ya kusema hivyo ni ya siku moja. Na kabla hujabonyeza chochote, tazama chini, kwa walio wadogo na walioinama.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo mzito wa kukurupuka. Kila anayepita chini ya kazi yako apite salama, na atoke upande wa pili bila kujua kuwa ulikuwepo.