Sahani ya Mama Kadogo

Ukumbi bado haujafunguliwa. Meza zimevikwa vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi vikanyooka, na katikati ya meza hizo mwanamume mwenye kofia ndefu ya kipishi anatembeza kisu juu ya chuma cha kunolea, taratibu, huku akivumisha wimbo puani. Kisu ni kirefu na chembamba. Miaka ya kunolewa imekila ubavu.

Anakijaribu kwenye kipande cha risiti ya jana. Karatasi inagawanyika bila sauti. Anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kisu butu ni kumwaibisha ng'ombe," anasema. "Na ng'ombe wa watu ameshakufa, sasa tunamwongezea aibu ya nini?"

Mlango wa jikoni unasukumwa. Mpishi anatoka na pande la mbavu la kuhitaji mikono miwili, ganda lake la kahawia bado linachachatika mafuta, analilaza kwenye toroli la fedha lililong'arishwa hadi mtu anaweza kunyolea ndevu mbele yake. Mfuniko wa kuba unashuka. Mwandishi wa simulizi hii, aliyeambiwa aje akiwa ameshiba na akapuuza, anameza mate.

Mgahawa huu uko mbali na nchi ya huyu bwana wa kisu, na unapika kitu kimoja tu: nyama ya ng'ombe ya kuoka. Hakuna menyu ya kurasa kumi. Anayeingia anavua koti, anavutiwa kiti, na toroli linasukumwa hadi ubavuni mwake, nyama ikatwe akiona. Mlo wa watu wawili, pamoja na kinywaji, unameza mshahara wa wiki nzima wa anayewakatia.

Wenzake wa nyumbani wanaomfahamu wanamwita Baba Kadogo, kwa jina la utani la binti yake wa pekee. Kadogo mwenyewe sasa ana miaka kumi na miwili na anamzidi mama yake urefu, lakini jina likishaganda limeganda.

Kazi ya Baba Kadogo inaonekana rahisi kwa aliyekaa. Anafungua mfuniko, anaweka mkono mmoja nyuma, anainama kidogo na kumuuliza mgeni angependa ipi: nene au nyembamba, ya katikati yenye wekundu au ya pembeni iliyokauka kwa moto. Mgeni akishajibu, basi. Haulizwi tena maisha yake yote. Akirudi mwezi ujao au baada ya miaka mitano, sahani yake inafika kama alivyosema siku ile ya kwanza. Hilo ndilo jambo nyumba hii inajivunia, na hakuna anayeandika popote.

"Majina yao siyajui," anasema Baba Kadogo, akigonga kofia yake kwa kidole. "Sahani zao ndiyo nazijua. Kuna mama mmoja alikuja na mchumba, akarudi na mume, akarudi na mume mwingine. Mume amebadilika, nyama haijabadilika."

Hakuanzia kwenye toroli. Alipofika miaka kumi na moja iliyopita alishushwa ngazi hadi chumba cha chini, akaonyeshwa sinki, akaachwa na masufuria. Alisugua masufuria miaka mitano. Vidole vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena mpaka vikazoea. Mkata nyama mzee aliyekuwepo wakati huo alimwona siku moja akibandua nyama iliyoshikamana na mfupa kwa kisu cha mezani, mfupa ukabaki mweupe, ndipo akamwambia apande juu ajifunze.

Nyumbani alikuwa amemwacha mke mwenye cherehani moja na mtoto anayejifunza kutembea kwa kushika kuta. Alisema anaenda miaka miwili. Karatasi za ukaazi zikagoma. Bila karatasi angeweza kutoka, asingeweza kurudi, na nusu ya mshahara wake ndiyo ilikuwa ada, kodi na dawa za bibi yake Kadogo. Akabaki. Mtoto akajifunza kusoma kwenye simu, baba akisikiliza huku ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Karatasi zilipotoka hatimaye, alimkatia mkewe tiketi aje kwa miezi mitatu, Kadogo abaki kwa bibi yake amalizie mwaka wa shule. Na hapo, kwa maneno yake mwenyewe, akapanga kila kitu.

Alihama chumba kidogo akachukua kikubwa. Akanunua pazia la kijani, viatu vizito vya baridi, vikombe viwili vinavyofanana. Akaongea na mtu wa nyumbani anayesimamia dobi la hoteli moja, nafasi ya kazi kwa mkewe ikapatikana. Akaenda uhamiaji kuulizia kama kibali chake kinaweza kuongezwa, akaambiwa kinaweza. Kisha mtoto angefuata.

"Sikumwachia kazi hata ya kuchagua kikombe," anasema. Wakati huo aliiona kuwa ni sifa.

Mama Kadogo anapatikana kwenye chumba hicho hicho chenye pazia la kijani, orofa ya tatu, anakunja nguo kitandani. Ni mwanamke wa kicheko kikubwa, na ingawa yuko likizo, futi ya kupimia haijatoka shingoni. Kule kwao ile cherehani moja imezaa. Sasa ziko tatu, na wasichana wawili wanaojifunza kwake. Watu wakitaka sare za shule wanaelekezwa kwake.

"Nilipokelewa kama balozi," anasema. "Siku ya kwanza nilifurahi, siku ya pili nikafurahi. Waswahili si wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu jembe aliniandalia kabla sijapanda ndege! Akaniambia, Jumatatu fulani unaanza dobi. Nikamwangalia. Nikasema moyoni, kumbe mimi si mgeni, mimi ni mzigo uliofika salama."

Walikula, wakalala, wakaamka, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni kwa adabu kama wapangaji. Tarehe ya tiketi ya kurudi ilikuwa inasogea, naye Baba Kadogo alikuwa ameshatoa neno lake dobini. Abaki au arudi? Swali lenyewe halikuwahi kutamkwa ndani ya chumba kile, na ndoa ya miaka kumi na mitatu ilikuwa imening'inia juu yake.

Mgahawa ule una desturi moja. Mfanyakazi akitimiza miaka kumi, anapewa meza ya watu wawili, siku moja, ahudumiwe kama mgeni yeyote. Baba Kadogo aliitimiza mwaka jana akaomba meza imsubiri mkewe.

Walikwenda Jumapili mchana. Yeye kavaa koti la kuazima, mkewe gauni la bluu aliloshona mwenyewe. Msimamizi wa ukumbi, mtu wa heshima na masharubu, alimvutia Mama Kadogo kiti. Mama Kadogo akakishika kwa mikono miwili.

"Nilijua ananinyang'anya!" anasema, na kicheko kinamfanya akae juu ya nguo alizozikunja. "Tukavutana mimi na yule baba. Nikasema sikubali, nimekuja na mume wangu."

Toroli likafika, likisukumwa na mwenzake Baba Kadogo wa zamu ya mchana. Mfuniko ukafunguliwa, mvuke ukapanda. Mwenzake akaweka mkono nyuma, akamwinamia Mama Kadogo, akafungua kinywa amuulize.

Hakuwahi. Baba Kadogo alikuwa ameshasimama. Alikichukua kisu kutoka mkononi mwa mwenziwe, akazungusha lile pande, akakata kipande cha pembeni kabisa, chembamba, kikavu, cheusi ukingoni, akakilaza kwenye sahani na kuiweka mbele ya mkewe. Meza za jirani zilipiga makofi.

"Miaka kumi na moja," alimwambia, "na sijasahau."

Mama Kadogo aliitazama ile sahani, uma hakuushika.

"Nani kakwambia mimi nakula hii?"

"Si ndivyo ulivyokuwa unakula? Ulikuwa unataka nyama iungue kabisa. Ukiona wekundu unakimbia nje."

"Baba Kadogo," alisema, "nilikuwa na mimba."

Anasimulia kwamba mumewe alibaki ameshika kisu hewani.

"Harufu ya nyama ilikuwa inanitapisha, ndiyo maana nikataka iungue. Ilikuwa miezi ile tu. Mimba yenyewe sasa ananizidi urefu! Wewe ndiyo bado unanikatia nyama ya mimba?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Tangu nishuke kwenye ndege hujaniuliza kitu. Pazia hukuniuliza. Viatu hukuniuliza, na vinanibana. Kazi hukuniuliza. Hawa watu wako hapa, watu baki, kila mmoja unamuuliza mara moja. Mimi hata hiyo moja sijaipata."

Mwenzake wa zamu, ambaye hajui neno hata moja la Kiswahili, alikuwa amesimama pembeni anatabasamu. Alidhani mke anatoa shukrani.

Baba Kadogo haoni haya kueleza alichokihisi. "Niliumia. Si kwa sababu alinisema. Niliumia kwa sababu nilikuwa najivunia kumkumbuka, na niliyekuwa namkumbuka hayupo. Mimi nilikuwa naishi na mke wa miaka ile. Huyu aliyekaa hapa alikuwa ameendelea na maisha, kashona, kalea, kanenepa kidogo, na mimi sijui hata anakula nini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema. Basi na mapenzi ya mbali hayajui chumvi inatosha ama haitoshi."

Aliiondoa ile sahani. Akafunga kifungo cha koti, akaweka mkono nyuma, akainama.

"Mama Kadogo. Ungependa ipi?"

Mkewe hakufanya haraka. Alisimama, akalizunguka toroli, akalikagua pande lile jinsi anavyokagua jora la kitambaa kabla ya kulipia, kisha akaelekeza kidole katikati.

"Hapo. Nene."

"Hapo ni nyekundu!"

"Umeniuliza au hukuniuliza?"

Akakata. Mama Kadogo akaweka kipande mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Mumewe alisubiri na kisu chake kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani.

"Laini," alisema. "Ila hawajui chumvi."

Wote wawili walicheka, na kicheko kilipokwisha Baba Kadogo alikuwa bado amesimama. Kuuliza si ujinga, alijiambia, akauliza lile lililokuwa limelala katikati yao kwa majuma.

"Na kubaki, je? Unataka kubaki?"

"Hapana," alijibu, kwa upole sana. "Kule mtu akipita anaita fundi, mimi naitika. Nina cherehani zangu, nina wale wasichana. Hapa nitafua mashuka ya watu nisiowaona. Nakupenda, Baba Kadogo, lakini siwezi kuja kuanza kuwa mtoto."

Baba Kadogo alijua amempoteza. Akakaa. Mkewe akasukuma sahani pembeni, akamshika mkono.

"Na wewe, je? Wewe unataka nini?"

Baba Kadogo anapolisimulia hili anakifuta kisu ambacho tayari ni kisafi.

"Mimi ndiye ninayeuliza watu hapa, kila siku, wanataka ipi. Miaka yote hiyo, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi. Nililia, ndugu yangu. Nililia kwenye kitambaa cha mezani. Bahati nzuri ni kikubwa."

Jibu lilikuja siku chache baadaye, akiwa anaosha vile vikombe viwili. Alisema bila kugeuka, "Nataka kurudi nyumbani." Mkewe, aliyekuwa anapima pazia aone kama linatosha kushonewa gauni la Kadogo, alimwambia arudie, na kwa sauti.

Mama Kadogo anaondoka Jumamosi hii. Baba Kadogo atabaki hadi mwisho wa mwaka, amfundishe mwenzake wa zamu zile sahani zote zilizo kichwani mwake, kisha akabidhi kofia. Mpango ni jiko la kuokea nyama kando ya chumba cha ushonaji. Ameomba nafasi kwa mwenye nafasi, na amepewa kwa masharti.

"Upande wa kushoto tu," anasema Mama Kadogo. "Moshi ukigusa kitambaa cha mteja, tunaachana."

Hofu haijaisha. Baba Kadogo anakiri hajui kama watu wa kwao watalipia nyama iliyokatwa kwa madaha. Na kuna mtu mmoja ambaye hadi jioni hii alikuwa hajaulizwa.

Simu inalia Baba Kadogo akiwa ametoka kazini, mwandishi akiwa bado chumbani. Ni Kadogo, anamtafuta mama yake. Baba anaipokea, anaiweka juu ya zile nguo zilizokunjwa, anakaa kitandani. Mkewe anaacha kukunja.

"Kadogo. Baba akitaka kurudi, wewe utapenda?"

Sauti nyembamba, ya tahadhari, inauliza:

"Kukaa, au kutembea?"

"Kukaa."

Mama Kadogo anaichungulia simu kama imekatika. Haijakatika. Mtoto anapumua.

"Basi usije usiku, baba," anasema. "Njoo mchana. Watu wakuone."

Tiketi ya bei nafuu aliyokuwa ameipigia hesabu ni ya ndege inayotua usiku. Baba Kadogo anasema ameachana nayo. Anatafuta ya mchana.