Sauti ya Mama Katikati ya Nyimbo

Harufu ya vumbi lililopata moto: hiyo ndiyo harufu ya kompyuta ya dada yangu Akello pale nyumbani, mtaani Kyebando, ikichanganyika na ya mukene, wale dagaa wadogo ambao Mama alikuwa akikaanga mlangoni kwa kuwa chumba cha kupikia hatukuwa nacho. Jiko la makaa tulikuwa nalo, zuri sana, alilinunua sokoni Kalerwe kwa mwanamke mmoja mwenye maneno mengi... lakini huyo tumwache. Mimi shule niliiacha mapema, nikianza jambo naingia vichochoro vyote.

Kompyuta ile Akello aliiunga mwenyewe kwa vipande alivyookota kwa mafundi. Haikuwa na mfuniko, na feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Alichanganya nyimbo: mmoja haujaisha, mwingine unaingia polepole, na kati yao anapenyeza salamu kwa maiki. Kwetu, CD isiyo na salamu haikuwa CD. Watu walikuja hata kutoka mtaa wa Bukoto, kila mmoja akitaka mama mkwe wake atajwe jina.

Baba alikuwa polisi, kazini Gulu, mbali kaskazini. Aliondoka wakiwa wamenuniana na Mama kwa ajili ya mlango wetu usiofunga, ambao kila likizo aliahidi kuutengeneza. Tangu hapo likizo zikawa zinapita, haji. Akello akaamua kumchomea CD ya kumlainisha. Sisi watoto tukatoa salamu. Mama akakataa.

“Mama, neno moja tu.”

“Nimwambie nini? Ana masikio yule?”

Akello akaendelea kuchanganya, maiki akaisahau wazi. CD ikapanda basi na askari mwenzake Baba. Ndipo tukasikiliza nakala iliyobaki, tukajishika vichwa. Katikati ya wimbo wa mapenzi, Mama anasonga posho, yaani ugali, na kunung'unika: “Mlango hata mbuzi wa jirani anaufungua. Na yeye amekaa huko, sijui nani anampikia. Mukene anapenda wale wakavu, huko watampa wa mchuzi tu.”

“Basi,” Akello alilia. “Baba harudi tena.”

Kumbe Baba, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, aliipiga CD ile mbele ya kambi nzima. Wenzake wakacheka hadi machozi: “Afande, mbuzi ameshaingia kwako! Nenda!”

Akaja na bawaba mpya zimefungwa kwenye gazeti. Hakusalimu. Alichuchumaa mlangoni akaanza kugongomea misumari. Mama naye akachochea makaa na kumkaangia mukene, wakavu kabisa.

Siku hizi wanangu hunitumia nyimbo kwa simu, nyingi, safi, hakuna anayekohoa ndani yake. Sizibezi, nazicheza. Ila nakala yetu ya ile CD bado ninayo. Wazazi wote wawili wametangulia, nayo imekwaruzika, hukwama palepale Mama anapotaja mukene. Akello akija tunaiweka, tunangoja ikwame, halafu tunammalizia Mama maneno yake: huko watampa wa mchuzi tu.