Sketi ya Tela la Kobe

"Mjomba, toa hiyo nyekundu mbele!"

"Sitoi. Nyekundu ni hatari, na hatari siku zote iko mbele. Umewahi kugongana na kitu ulichokwisha kukipita?"

"Ukiweka nyekundu mbele, anayekuja atasema, aa, huyu kanipa mgongo, ngoja nimfuate taratibu. Kumbe mnaelekeana uso kwa uso! Mbele nyeupe, ubavuni ya chungwa, nyuma nyekundu. Afande kasema."

"Kati yangu na wewe, nani fundi wa kuchomelea?"

"Kuchomelea ni wewe, Mjomba. Kuona ndiko kunakokushinda."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu mlangoni mwa karakana, nachagua maharage. Nilipoona ugomvi unataka kupoa, nikautia kuni. "Mjomba wako ana haki," nikasema. "Mtazame jogoo. Nyekundu yake iko wapi, si mbele?"

"Na nyani je, Bibi?" akauliza Kobe. "Yake iko wapi?"

Maharage yalinimwagika kwa kicheko. Mwanangu wa mwisho, fundi mzima mwenye ndevu zake, akaibandua ile riflekta nyekundu, kile kibati kinachowaka kikimulikwa, akaipeleka nyuma ya tela la trekta. Nyani alikuwa amemshinda hoja.

Huyo Kobe ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, na ni mke mwenzangu pia, maana marehemu babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi. Jina la Kobe alipewa na madereva wa barabara kuu, kwa sababu trekta lake halina haraka. Wanasema ukiwa nyuma yake unaweza kuoa, ukazaa, ukasomesha, na bado hujampita. Wanampigia honi, wanamtukana, naye huwapungia mkono kama bibi harusi.

Siku aliyozaliwa nilikuwepo, kwa hiyo asinibishie mtu. Watoto wengine hulia. Huyu alinguruma. Alinguruma, akakohoa, akatoa kamoshi kadogo, ndipo akatulia, na mkunga akaniuliza ni nani anayewasha mashine nje. Alipoanza kutambaa alitambaa kwa gia. Akifika kwenye kizingiti alirudi nyuma kwanza, akapinda, akajipanga, ndipo akavuka. Asiyeamini akakiulize kizingiti, bado kipo.

Lakini trekta hakupewa kwa sababu ya kunguruma. Trekta ni la ushirika wetu wa maziwa, na kazi yake ya kwanza pale ilikuwa kuosha madebe. Aliyaosha huku sikio liko uwanjani. Injini ikipiga vibaya, yeye kule kwenye sabuni anapaza sauti, "Chujio la dizeli hilo, limeziba!" Dereva mzee wa wakati ule alimfukuza kila mara, akimwita mdomo mrefu, mpaka mgongo wake ulipokataa kupanda ngazi ya trekta. Hapo akamwita mwenye mdomo mrefu aje amshikie usukani, na mzee alipopumzika kazi, kiti kikabaki kwa Kobe. Siku ya kwanza alirudi nyumbani hataki kukaa. Nikamsogezea kigoda, akakikataa. "Bibi," akasema, "leo nimekaa pazuri. Usiniharibie utamu."

Sasa kiti hichohicho ndicho kilichotaka kumponyoka. Jana yake, jua linachwea, alikuwa analeta nyasi kavu kutoka mashambani kuja mabandani, na hapo hakuna njia ila kupita kwenye lami. Askari wa barabarani akaja na pikipiki, akakata kona, akakuta mbele yake kichuguu kinatembea. Alifunga breki zote alizokuwa nazo na nyingine akaazima kwa Mungu. Aliposimama, pua ilikuwa ndani ya nyasi.

"Taa zako za nyuma ziko wapi?" akauliza, anatema majani.

"Zipo, Afande."

"Zipo wapi?"

"Hapohapo ulipoegemea."

Askari akapekua nyasi kama anayetafuta yai la kuku mjanja. Na kweli, huko chini akazikuta taa mbili, moja imepasuka na nyingine inawaka kwa aibu. Hakumfokea. Alisema tu kwamba tela lile halitagusa lami tena mpaka alione mwenyewe kwa nyuma, likiwa limepakiwa: taa nyekundu mbili, indiketa, riflekta kila upande, na ile pembetatu nyekundu inayomwambia mwenye gari kwamba hapa mbele kuna chombo cha mwendo wa polepole, punguza moto. Angekuja kuliangalia kesho yake alasiri, kwa fundi.

Mwenyekiti wa ushirika wetu ni mama asiyepoteza maneno. Alipopata habari alisema, "Ng'ombe hawali maelezo. Ukikataliwa kesho, kazi nampa Honi na lori lake, wewe urudi kwenye madebe." Honi ni yule dereva ambaye hupiga honi hata akipita makaburini, asije akakosa wa kumsikia. Kobe hakulia. Alinguruma kidogo tu, kama siku ile ya kuzaliwa, nami nikajua limemwingia.

Ndiyo maana tangu asubuhi tulikuwa karakanani kwa mjomba wake, ubavuni mwa nyumba yangu. Kobe alivuta waya mpya kutoka kwenye betri hadi nyuma, akabadilisha balbu, akazungushia tepu kila kiungo kama anayefunga kidonda cha mtoto. Mjomba alichomelea vishikio, akapaka rangi, akapiga mluzi. Baada ya ule ugomvi wa jogoo na nyani, mambo yalikwenda vizuri hata nikachoka. Nilizimulika zile riflekta kwa tochi, na namna zilivyowaka, kuku wangu wote waliingia bandani wakidhani jua linachwa. Jogoo ndiye aliyetoka tena kuhakikisha.

"Haya," akasema Mjomba, anafuta mikono kwenye suruali. "Afande aje hata sasa hivi."

"Kasema liwe limepakiwa," Kobe akamkumbusha.

Tukazipakia tena zile nyasi za jana. Na huku kwetu kupakia nyasi ni kazi ya heshima. Nyasi za kwetu ni ndefu na zinateleza, kwa hiyo tabaka la chini huachwa lining'inie nyuma, limefunika ubao wa tela mpaka karibu na ardhi, kisha la juu linaulalia mkia huo na kuubana. Tunaiita sketi. Tela lisilo na sketi hucheka njiani, linamwaga nyasi kila kwenye shimo, na mwenye nalo hasemwi vizuri. Kobe anaishona sketi yake kwa uma wa nyasi vizuri kuliko fundi cherehani.

Alipomaliza nikaenda nyuma nikatazame.

"Unaona nini, Bibi?" akaniuliza kutoka juu.

"Naona sketi nzuri sana."

"Na taa?"

"Taa zimevaa sketi."

Mjomba akaja, akainama, akainua nyasi kwa vidole viwili kama mtu anayechungulia asipotakiwa. Taa zote ziliwaka humo ndani, pembetatu imenyooka, riflekta zinang'aa, na mwenye kuziona labda panzi.

"Kata sketi," akasema.

"Sikati."

"Mpwa wangu, kata sketi, upate kiti chako!"

"Nikikata, mzigo utateleza, nyasi zitamwagika kwenye lami, na mwenye pikipiki atalala chali. Yaani nimwoneshe taa halafu nimwangushe? Hiyo ni salamu gani?"

"Basi nenda kaoshe madebe!"

"Na wewe nenda ukachomelee nyani!"

Mimi nikasema kama tatizo ni taa kuwa ndani ya sketi, si zivaliwe juu yake, kama mkanda. Nilisema kwa masihara tu, nikitaka kumchokoza Mjomba. Lakini Kobe aliruka chini kutoka juu ya nyasi, akasimama mbele yangu, akaninyooshea kidole.

"Ubao," akasema. "Taa zikae kwenye ubao mmoja mrefu, tuuning'inize kwa kamba juu ya sketi, waya tuuache mrefu. Tukishusha nyasi, ubao tunautoa. Bibi, ubao wenye upana wa tela uko wapi?"

"Mimi nitajuaje?"

Wote wawili wakanitazama. Kisha wakatazama nyumba yangu.

"Hapana," nikasema.

Walikwishaondoka. Walikwenda chumbani kwangu, na nilipofika mlangoni walikuwa wameshafungua ubao wa kichwani mwa kitanda changu, ule aliouchonga marehemu kwa mkono wake, una ua katikati na ndege wawili wanaoangaliana vibaya. Mjomba akaupima kwa mikono. Ulilingana na tela kama waliozaliwa pamoja. Nikapiga kelele, nikalia uongo, nikamwita marehemu kwa majina yake yote. Kisha nikawashikia mlango ili wasiukwaruze.

Waliufungia taa mbili, indiketa huku na huku, riflekta pembeni, na pembetatu pale kwenye ua. Ndege walibaki wanatazamana kwenye mwanga mwekundu, nao nakwambia waliona haya. Kobe akaupandisha kwa kamba, akaukaza juu ya sketi, akavuta ili aone kama utayumba. Haukuyumba. Akalirudisha trekta taratibu, akaliacha kwenye lango la uwanja wa karakana, mgongo umeelekea barabarani, taa zinawaka, na kutoka mbali ungeapa kwamba kuna kitanda kimesimama wima kinawangoja wageni. Dereva mmoja alipita akapiga mwayo. Nilimwona kwa macho yangu. Wa pili yake aliegesha gari kabisa, akavua viatu.

Tukaingia karakanani kungoja, na ugomvi ukaanza upya.

"Mavuno yakiisha, ubao wangu unarudi," nikasema.

"Kitanda kina miguu minne, Bibi, kitasimama bila kichwa. Tela halina kitu."

"Nami nilaze kichwa wapi?"

"Njoo ulale kwenye tela," akasema Mjomba. "Utakuwa mama mkwe wa kwanza mwenye indiketa. Ukitaka kugeuka, wakwe zako wanajua mapema."

"Nyamaza, nyani! Wewe huyo afande akija utajificha nyuma ya mtungi wa gesi. Mimi namjua. Anatembea hivi." Nikachukua sufuria tupu ya maharage, nikaivaa kichwani iwe kofia, nikasukuma tumbo mbele, nikaanza kutembea karakana nzima nikitazama vitu kwa dharau. "Hii nyundo, taa zake ziko wapi? Eh? Na wewe jogoo, nani kakuruhusu kuweka nyekundu mbele? Geuka! Geuka nasema! Na wewe Kobe, nimekuja kukunyang'anya kiti, lakini nimeona kitanda, usingizi umenibana, naomba shuka na..."

Kobe alikuwa anacheka ameshika mbavu. Ghafla akaacha. Mjomba naye akaacha, akawa anatafuta nyundo aliyokuwa ameishika.

Nikageuka na sufuria yangu kichwani. Askari alikuwa amesimama mlangoni, kofia kwapani, vumbi la njia hadi magotini.

"Pikipiki nimeiacha kule kwenye kona," akasema, "nikasema nije kwa miguu, nione taa zinaanza kuonekana wapi. Nimekiona kitanda kabla sijashuka." Akamtazama Kobe. "Dereva, ng'ombe wana njaa. Washa."